Mguu mmoja, mbona kila kitu kinapona kivyake?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni bodaboda hapa Morogoro, miezi kadhaa nyuma nililamba lami nikavunjika muundi chini kidogo ya goti na ngozi ikachunika, wakanifunga hogo (plasta ngumu). Ngozi ilifunga mapema tu, mfupa eksirei inaonyesha umeunga na hogo wameshatoa, ila paja limekonda, goti linalia ka-ka-ka, na kibaya zaidi wayo hauinuki, nikitembea ndala inachomoka yenyewe na vidoleni pana ganzi. Jirani anasema ninywe maji ya bamia. Shida nini?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Mwili una tishu, yaani makundi ya seli zinazofanya kazi pamoja, za aina nne, na mguu wako umeziumiza zote, ndo maana kila moja inakuja kwa muda wake.

Ngozi ya juu ni tishu ya epithelia, yaani seli zilizobanana kwa ajili ya kufunika. Hiyo imezoea kuchakaa, hata bila ajali inajibadilisha kila baada ya wiki 4 hivi, na inayofunika utumbo kwa ndani ni siku 3 mpaka 5 tu, kwa hiyo mchubuko kwake ni kazi ya kawaida.

Mfupa na gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, wote ni tishu unganishi ila hawana bahati sawa. Mfupa umejaa mishipa ya damu, ukivunjika damu inaganda pale, inajengeka gegedu laini, halafu taratibu inageuka mfupa, na kwa muundi wa mtu mzima hesabu miezi 3 au 4, wengine zaidi. Gegedu ya gotini haina mshipa wa damu hata mmoja! Inategemea ute wa goti, na ute unaifikia vizuri ukikunja na kukanyaga, sasa goti lililokaa kimya kwenye hogo muda wote huo lilikuwa linakula nini? Kulia tu bila maumivu kusikutishe, ila likivimba au likikwama rudi hospitali. Na bamia kula, mboga nzuri, ila ule mlenda unasagwa tumboni kama chakula kingine, hauteremki gotini hata unywe ndoo.

Paja lisikuumize kichwa. Misuli, tishu ya tatu, isipotumika inakonda haraka, nyuzi zake hazijafa, zimepungua unene tu, nenda kwa mtu wa fiziotherapia ufanye mazoezi bila kuruka siku, itarudi.

Kinachonitia wasiwasi ni tishu ya nne, neva, yaani mishipa ya fahamu. Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha ule mfupa mwembamba, basi neva ya kuinua wayo inazunguka hapo hapo, iko juu juu chini ya ngozi, ajali inaiumiza na hata hogo lililobana linaiumiza. Kama ilibanwa tu inaweza kurudi ndani ya wiki au miezi michache, lakini kama nyuzi zimekatika zinaota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na hapo ni iwapo zimepata njia. Kutoka kwenye kile kinundu mpaka vidoleni ni zaidi ya sentimita 40, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mwaka. Ndo maana sitaki usubiri uone, muone daktari wa mifupa wiki hii umwambie habari ya ndala, apime neva, na uulizie kile kifaa cha kushikilia wayo. Kukanda na maji ya moto acha kabisa, kwenye ganzi utaungua na hutajua. Na kama ni mguu wa kushoto, wa gia, pikipiki mpe mwenzako kwanza.

SWALI: Dokta, ticha wetu kasema damu nayo ni tishu unganishi. Kitu cha majimaji kinaunganisha nini? Wa kidato cha pili, Tanga.

JIBU: Ticha yuko sahihi. Tishu unganishi nyingi zina seli zilizotawanyika ndani ya kitu kingine ambacho si seli, kwenye mfupa ni kigumu chenye madini ya kalisi, kwenye damu ni plazma, yaani yale majimaji yake, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Tena seli za damu zinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na seli nyekundu ikishatoka humo inaishi siku 120 hivi. Kwenye mtihani andika hivyo, usiandike "inaunganisha viungo".