Maswali ya marubani wa gemu: acheni kuisingizia ndege

Jamani maswali yenu ya gemu za ndege za Vita vya Pili vya Dunia yamejaa tena na mengi ni yaleyale, kwa hiyo ya kurudiarudia nitayapitia haraka, yenye nyama tutakaa nayo.

Spitfire ya Waingereza na Messerschmitt 109 ya Wajerumani, ipi kali?

Ya mwaka gani? Mnapigania futi ngapi? Hili limeshajibiwa hapa mpaka basi. Spitfire Mk I (Mk ni toleo) ya 1940 na Mk IX ya 1942 ni ndege mbili tofauti, na hiyo Mk IX yenyewe ililetwa haraka kwa sababu Fw 190 ya Wajerumani ilikuwa inawaonea Spitfire Mk V tangu 1941. Usipotaja toleo na mwinuko hujauliza kitu.

Nikisukuma fimbo mbele ghafla injini ya Spitfire inakata, hii gemu ina hitilafu?

Haina, na nawapongeza walioitengeneza. Injini za Spitfire, Merlin, zile za mwanzo zilikuwa na kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, sasa ukiinamisha pua kwa nguvu mafuta yanarushwa juu ndani ya kabureta, injini inakohoa, ukiendelea inafurika mafuta na kuzima kabisa. 109 ilikuwa inapuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, ndiyo maana Mjerumani akibanwa alikuwa anasukuma fimbo mbele anapotea zake chini. Waingereza walikuwa wanapindua ndege tumbo juu kwanza halafu wanavuta, na wewe fanya hivyohivyo. Mwaka 1941 injinia Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, akabuni kipande kidogo tu cha chuma chenye tundu katikati, kinapunguza mafuta yanayoingia, na tatizo likapungua sana. Kwa hiyo kabla hujalalamika angalia ndege yako ni ya kabla au baada ya hapo.

109 inanivuta kushoto kila nikitaka kuruka, naishia kwenye nyasi.

Kwa sababu unafungulia gesi yote kwa mkupuo! Propela inazunguka kulia ukiangalia kutoka kwenye kokpiti, basi mwili wa ndege unasukumwa upande wa pili, tairi la kushoto linabeba uzito zaidi, upepo wa propela nao unapiga mkia ubavuni, na miguu ya 109 imekaribiana mno. Funga gurudumu la mkia, ongeza gesi taratibu, padeli ya kulia mapema kabla pua haijaanza kuhama, ikishahama umechelewa. Na usiukariri mguu wa kulia kwa kila ndege, maana Spitfire Mk XIV yenye injini ya Griffon propela yake inazunguka kinyume, hapo utahitaji kushoto.

Naweza kucheza kwa mausi?

Unaweza, ila usije kunieleza kwamba ndege fulani haikunji kona vizuri.

Nampiga adui kila mara lakini hadondoki, bunduki za Spitfire ni dhaifu?

Unampiga kutoka wapi? Nikiuliza hivi jibu huwa mita 600, 700. Bunduki ziko kwenye mabawa, zimeelekezwa ili risasi zikutane sehemu moja mbele yako, ukiwa mbali kuliko hapo zinaachana tena na unatawanya tu. Hata Waingereza mwanzoni walizipanga zikutane yadi 400, marubani wakaona hazifai wakazishusha mpaka 250, yaani kama mita 230. Mk I ina bunduki nane zenye risasi 300 kila moja, ukibana kitufe mfululizo zinaisha kwa sekunde 15 hivi. Sogea mpaka mabawa yake yajae kwenye shabaha, piga sekunde moja au mbili, acha. Halafu ingia kwenye setingi uone umeweka umbali gani, wengi hamjawahi hata kufungua ule ukurasa.

Natumia Wildcat ya Wamarekani, Zero za Wajapani zinanimaliza kila siku. Nibadilishe ndege?

Badilisha tabia. Unazunguka na Zero, tena chini na polepole, pale ambapo yeye ndiye mfalme, na kila kona kali unayovuta inakula spidi yako mpaka unabaki unaning'inia tu. Zero ikipita kama kilomita 400 kwa saa fimbo yake inakuwa nzito, haibingiriki upesi, na zile za mwanzo hazikuwa na kinga ya matangi wala bamba la kumkinga rubani. Anza juu yake, shuka, piga, pitiliza, panda tena ukiwa bado na spidi, na ukikosa usigeuke kumtafuta. Mkiwa wawili tumieni mbinu ya rubani Mmarekani John Thach iliyotumika kwenye pambano la Midway, Pasifiki, Juni 1942, mnaruka sambamba, Zero ikimshika mkia mmoja wenu wote mnakunja kuelekeana, anayefuatwa anampeleka adui mbele ya bunduki za mwenzake. Inataka kuongea kwenye maiki muda wote na kuvumiliana, ndiyo maana wengi mnaikimbia.

P-51 yangu ya Wamarekani injini inakufa kila pambano.

Unaiacha kwenye inchi 67, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini, ile ya kwenye geji. Kitabu cha rubani wa P-51D kinatoa dakika 5 kwa 67 na dakika 15 kwa 61. Ni kweli injini halisi haikuwa inapasuka dakika ya sita, kile kikomo kilikuwa cha kuilinda isichakae, na gemu zinazoiua kwa saa ya kuhesabu mimi sizikubaliani hapo. Lakini wewe hujafika kwenye ubishi huo, wewe husomi geji. Rudisha 46 ukishaachana na adui, na angalia joto.