Barua kwa mwanangu anayetafuta nyumba Maine

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza wastani wa kodi ya fleti na ya nyumba katika jimbo zima la Maine, ili ujue kama dola 1,500 kwa mwezi mlizotenga zitawatosha mtakapohama Texas. Takwimu za Idara ya Sensa za 2018 hadi 2022 zinaonyesha kwamba nusu ya wapangaji wa jimbo hili walilipa chini ya kama dola 1,000 na nusu walilipa zaidi, umeme na joto vikiwa vimehesabiwa humo. Lakini usiitegemee namba hiyo. Ndani yake wamo watu waliokaa nyumba moja miaka mingi, na zimo kaunti za mbali kama Aroostook, kwenye mashamba ya viazi mpakani mwa Kanada, ambako ninyi hamna mpango wa kwenda. Anayetafuta fleti Portland leo hakutani na bei hiyo.

Ndiyo maana narudia neno mlilolisikia kwangu tangu mkiwa wadogo: uliza kilichomo ndani ya kodi kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani. Hakuna jimbo la Marekani ambalo nyumba zake hutegemea mafuta ya kupashia joto kuliko Maine. Katika majengo ya fleti mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayelipia joto, lakini ukipanga nyumba nzima, kulijaza tanki kunakuwa juu yako, na tanki la kawaida huchukua galoni 275. Nyumba ya dola 1,400 bila joto inaweza kukutoa fedha nyingi kuliko fleti ya dola 1,600 ambayo joto limo.

Unaikumbuka ile fleti ya Portland, ghorofa ya tatu, ambayo dirisha la jikoni baba yenu aliliziba kwa plastiki. Mkataba ulisema joto limo, nasi tulilala na makoti. Nilipolalamika, mwenye nyumba alisema mbele yenu kwamba watu wa nchi za joto husikia baridi hata pasipo na baridi. Neno lile linanichoma mpaka leo. Baba yenu, Mungu amrehemu, hakumjibu kitu. Alikwenda maktaba akaisoma sheria ya jimbo, akakuta kwamba mitambo ya joto ya nyumba ya kupanga lazima iweze kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa na nyuzi 20 za Fahrenheit chini ya sifuri, na kwamba joto hilo hupimwa futi 3 kutoka ukuta wa nje na futi 5 kutoka sakafuni. Basi akafunga kipimajoto kwa uzi darini, kikaning'inia pale pale sheria ilipotaja, akawa anaandika asubuhi na jioni katika daftari lako la hesabu. Mwenye nyumba aliporudi, baba yenu alimkaribisha chai kwanza, kisha akamfungulia daftari. Fundi alikuja juma lile lile. Furaha niliyoipata siku ile haijanitoka.

Najua utasema kwamba bila wastani huwezi kupanga matumizi, nami nakubali, kwa sababu asiye na namba ya kuanzia hutajiwa bei yoyote. Tena Portland ina kazi nyingi, na mnamo Novemba 2020 wapiga kura wake walipitisha kanuni ya kuzuia kodi isipandishwe ovyo, kinga ambayo sisi wa Lewiston, mji mwingine wa Maine, hatuna. Hata hivyo Lewiston kodi ni nafuu, na ndugu tuliokuwa nao katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wengi wako hapa. Labda nayasema haya kwa kuwa nawataka wajukuu wangu karibu, na hiyo si hoja ya kodi, kwa hiyo sitakuamulia.

Ile nyumba ya Old Orchard Beach uliyonitumia picha, mwulize mwenyewe anaipangisha mpaka mwezi gani. Nyingi za pwani ile hupangishwa kuanzia Septemba, na mpangaji hutakiwa kuondoka kabla ya majira ya joto, wageni wa ufukweni wanapoanza kulipa kwa wiki. Nimesema sitaamua, lakini hiyo mimi nisingeiweka hata katika hesabu, maana watoto watahamishwa shule wakiwa ndiyo kwanza wamezoea.

Fedha ya kuanzia pia iandaeni. Kwa sheria ya jimbo, mwenye nyumba haruhusiwi kudai dhamana inayozidi kodi ya miezi 2, kwa hiyo pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza mnaweza kuhitaji fedha ya miezi 3 mkononi. Akidai zaidi ya hapo, msisaini. Nitumie matangazo yote mliyobakiza, pamoja na jibu la kila mwenye nyumba kuhusu nani anayelipia mafuta, nami nitayapitia Jumapili baada ya ibada.

Mama yako