Bendera ya Marekani Kwenye Mavazi, Mabegi na Magari: Maswali na Majibu

Kila zinapokaribia tarehe 14 Juni, Siku ya Bendera, na 4 Julai, sikukuu ya uhuru, wasomaji wetu wanaoishi Marekani hutuletea maswali mengi kuhusu bendera ya nchi hiyo. Baadhi yao wamekula kiapo cha uraia hivi karibuni, na wanatamani kuonyesha mapenzi yao kwa nchi iliyowapokea. Lakini wamekulia katika nchi ambako bendera ya taifa husimamiwa kwa ukali na serikali, na mwananchi wa kawaida hujifunza mapema kutoichezea. Hofu hiyo ni ya heshima, nami siwalaumu hata kidogo.

Ipo Kanuni ya Bendera ya Marekani. Iliandikwa kwanza na mkutano wa vyama vya kiraia uliofanyika Washington tarehe 14 Juni 1923, kisha Bunge la Marekani likaipitisha kuwa sheria tarehe 22 Juni 1942. Vifungu vyake vya heshima vinaeleza lipi linafaa na lipi halifai, lakini havimwekei raia adhabu yoyote. Mwaka 1989, katika kesi ya Texas v. Johnson, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hata kuchoma bendera kwa kupinga serikali ni namna ya kutoa maoni inayolindwa na katiba. Kwa hiyo hakuna askari atakayekusimamisha kwa sababu ya fulana yako. Kwangu mimi jambo hilo linaongeza uzito wa wajibu badala ya kuupunguza, kwa kuwa mlinzi wa heshima ya bendera hiyo amebaki kuwa yule aliyeibeba.

Nimenunua fulana yenye picha ya bendera kwa ajili ya 4 Julai, na rafiki yangu ananiambia kuwa kanuni inakataza kuvaa bendera. Je, nimekosea? (Msomaji wa kike, Minnesota)

Rafiki yako hakulitunga jambo hilo, dada. Kanuni inasema wazi kwamba bendera haipaswi kamwe kutumiwa kama vazi, tandiko la kitanda wala pazia, na kwamba sehemu yoyote ya bendera isifanywe sare ya michezo. Tatizo ni kwamba watu wengi husoma maneno hayo bila kutofautisha bendera yenyewe na picha ya bendera. American Legion, chama cha maveterani ambacho ndicho kilichoitisha mkutano ule wa 1923, kinafafanua kwamba nguo iliyochapishwa nyota na milia haivunji adabu, ila nguo iliyoshonwa kutokana na bendera halisi ndiyo inayovunja. Fulana yako haikuwa bendera hata siku moja. Ni pamba iliyotiwa rangi kiwandani, na unaweza kuivaa kwa amani.

Hata hivyo, siishii hapo, kwa sababu macho ya watu hayachunguzi kitambaa kimetoka wapi. Mahali picha inapokaa mwilini pana maana yake. Mwaka 1970 kijana mmoja wa Massachusetts alishona bendera ndogo ya kitambaa kwenye makalio ya suruali yake, akakamatwa na kuhukumiwa kifungo cha miezi sita. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 1974 ilikubaliana na mahakama za chini kuifuta hukumu ile kwa hoja kwamba sheria ya jimbo haikueleza bayana ni kitendo gani hasa kinachohesabiwa kuwa dharau. Mahakama haikusema kwamba mahali pale panafaa. Ilisema tu kwamba mtu hawezi kufungwa kwa sheria isiyojieleza. Ushauri wangu ni kwamba kifuani, begani na kwenye kofia ni mahali pema, ilhali suruali ya kuogelea, soksi, viatu na mkeka wa kufutia miguu ni mahali ambapo bendera inakaliwa au kukanyagwa, hata kama duka linaviuza vyote katika rafu moja.

Na kama utapata fundi anayejitolea kukushonea gauni kutokana na bendera halisi aliyoinunua, mkatalie kwa upole. Vipo vitambaa vingi vyenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu, tena kanuni yenyewe inapendekeza kwamba mapambo ya sherehe yafanywe kwa vitambaa vya rangi hizo, si kwa bendera.

Mwanangu ameshona kiraka cha bendera kwenye begi lake la mgongoni, na anataka kingine kwenye mkono wa kulia wa jaketi, kikiwa kimegeuzwa kama cha wanajeshi. Utaratibu ni upi? (Baba, Texas)

Kanuni inataja kwa jina watu wanaoweza kuweka kiraka cha bendera kwenye sare: wanajeshi, wazimamoto, polisi na wanachama wa vyama vya kizalendo. Begi la shule si sare, na hakuna kifungu kinachomzuia mwanao. Cha kuangalia ni mahali. Kiraka kikae sehemu ya juu ya begi, si kwenye kitako kinachoburuzwa sakafuni, na kikae wima sawasawa, uwanja wa bluu wenye nyota ukiwa juu na upande wa kushoto wa anayekitazama. Kuugeuza uwanja huo uwe chini ni ishara ya dhiki kuu, ya kuomba msaada pale maisha au mali vinapokuwa hatarini, na haifai kuwa pambo.

Hiyo bendera ya wanajeshi inayoonekana imegeuzwa ina sababu nzuri sana. Katika jeshi la nchi kavu huvaliwa bega la kulia, na uwanja wa nyota huelekezwa mbele. Fikiria askari anayesonga mbele akiwa ameshika mlingoti: nyota, zilizo karibu na mlingoti, hutangulia, na milia hupepea kuelekea nyuma. Kiraka cha kawaida kikiwekwa bega la kulia, nyota zingekuwa nyuma, na bendera ingeonekana kama inarudi kinyumenyume. Ndiyo maana hata ubavu wa kulia wa ndege ya Rais wa Marekani huonyesha nyota zikiwa upande wa pua ya ndege. Kwa raia, si kosa kufuata mpangilio huo kwenye bega la kulia. Lakini akitaka kuepuka maswali, na avae kiraka cha kawaida bega la kushoto, ambako nyota huelekea mbele zenyewe.

Akiwa na pini ndogo ya bendera, aiweke kwenye kola ya kushoto ya koti, karibu na moyo. Hilo limeandikwa.

Naona viraka vya rangi nyeusi na kijivu, au kijani cha porini. Je, hizo nazo ni bendera? (Msomaji, Arizona)

Wanajeshi huvaa viraka vilivyofifishwa rangi kwenye sare za vita ili wasionekane kwa mbali, na kwao ni jambo la usalama. Sheria inaitaja bendera kuwa na milia 13, nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, na nyota nyeupe katika uwanja wa bluu. Kwa kuwa wewe huna adui anayekuvizia, sioni sababu ya kuacha rangi zake za asili. Matoleo mengine yaliyobadilishwa rangi, au yaliyoongezwa mstari wa rangi ya pekee, yamebeba maana za kisiasa ambazo mvaaji mgeni huenda hazijui, na watu watamsomea msimamo ambao hakuukusudia.

Mimi ni dereva wa lori, asili yangu Mombasa. Kenya nisingethubutu kuweka bendera kwenye gari, lakini huku naona kila mtu anayo. Naruhusiwa? Na naweza kuweka ya Kenya pamoja nayo? (Dereva, Ohio)

Kaka, tahadhari yako ina msingi, kwa sababu nchini Kenya kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari ni haki ya viongozi wachache waliotajwa na sheria. Marekani haina mpaka wa namna hiyo. Raia yeyote, hata mgeni, anaweza kupeperusha bendera kwenye gari lake.

Kanuni inaeleza namna. Mlingoti ufungwe imara kwenye chasisi, au ubanwe kwenye madigadi ya mbele upande wa kulia. Bendera isitandazwe juu ya boneti, paa, ubavuni wala nyuma ya gari, na agizo hilo linahusu pia treni na boti. Wale wanaofunika boneti kwa bendera kubwa na kuibana kwa kamba wanafanya jambo lililokatazwa waziwazi, ingawa nia yao huwa ni mapenzi matupu.

Sasa niseme kama mtu anayeijali bendera hiyo. Lori linalokimbia barabara kuu siku nzima huigeuza bendera kuwa matambara. Upepo huanza kufumua pindo la mwisho wa milia, mvua na moshi wa magari huipausha, na dereva, kwa kuwa yuko ndani, haoni kinachotokea nje. Tena bendera hupaswa kupepea kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, na usiku iwe imemulikwa; kwenye mvua kali au dhoruba ishushwe, isipokuwa kama imetengenezwa kwa kitambaa cha kustahimili hali zote. Kwa dereva anayesafiri usiku, masharti hayo hayatimiziki kwa urahisi. Kwa hiyo ningechagua stika nzuri kwenye mlango wa kibini au kwenye kioo, inayooshwa pamoja na lori na kubanduliwa ikichakaa. Bendera ya kitambaa ningeiweka kwa gwaride au sikukuu, na kuikagua kila gari linaposimama.

Kuhusu bendera ya Kenya, unaruhusiwa bila shaka. Bendera za mataifa mawili huwekwa kwenye milingoti tofauti yenye urefu sawa, na ukubwa wake ukaribiane. Desturi ya kimataifa hairuhusu bendera ya taifa moja kuwekwa juu ya ya jingine wakati wa amani, kwa hiyo usizifunge zote mbili kwenye fimbo moja, moja ikiwa chini ya nyingine. Ya Marekani huchukua upande wake wa kuume. Kwenye gari hilo ni upande wa kulia ukitazama mbele. Kwa stika, ziweke sambamba kwa kimo kimoja.

Siku ya kiapo cha uraia nilipewa bendera ndogo ya mkononi. Nyumbani, wageni wanataka kuitia saini kama kumbukumbu. Nikubali? (Mama, Kentucky)

Hongera sana, mama, kwa siku hiyo. Usikubali saini. Kanuni inasema bendera isiandikwe wala kuwekewa alama, herufi, tarakimu au picha ya aina yoyote. Wape wageni kadi waandike majina yao, kisha iweke kadi hiyo pamoja na bendera ndani ya fremu moja. Ukiitundika ukutani, ikiwa imelala au wima, nyota ziwe juu na upande wa kushoto wa anayeitazama. Ukiiacha kwenye kijiti chake, iweke ndani ya kikombe kizito kwenye rafu, mahali ambapo watoto hawataiangusha chini.

Nina biashara ndogo ya sambusa na mandazi. Naweza kuchapisha bendera kwenye maboksi na karatasi za kufutia mikono? (Mjasiriamali, Maryland)

Hili ningekuomba uliache. Kanuni inakataza bendera itumiwe kwa matangazo ya biashara kwa namna yoyote ile, na inataja kwa jina leso, mito ya kuegemea, maboksi, karatasi za kufutia mikono na chochote kilichotengenezwa kutumika kwa muda na kutupwa. Ni suala la zamani: mwaka 1907, katika kesi ya Halter v. Nebraska, Mahakama Kuu iliunga mkono sheria ya jimbo iliyowaadhibu wafanyabiashara wawili waliouza bia yenye picha ya bendera kwenye chupa. Leo utaona bendera kwenye kila bidhaa na hakuna anayeshtakiwa, lakini boksi lako litaishia kwenye pipa likiwa na mafuta ya sambusa, na wewe ndiye uliyeitia bendera humo. Tumia rangi zake tatu kama unazipenda. Bendera yenyewe ipeperushe mbele ya duka.

Kofia yangu yenye bendera imechakaa, na bendera ya barazani imechanika. Nizitupe vipi? (Mzee, Maine)

Mzee wangu, tuanze na bendera ya baraza. Kanuni inasema ikifika hali ya kutofaa tena kuwa nembo ya taifa, iteketezwe kwa njia ya heshima, ikiwezekana kwa moto. Mchano mdogo wa pindoni si kifo chake: unaweza kuukata na kushona upya, au kuifua kama imechafuka tu, na si lazima kuichoma eti kwa kuwa iligusa ardhi. Ikiwa imekwisha kabisa, sikushauri uichome uani, kwa sababu bendera nyingi za siku hizi ni za nailoni au poliesta, ambazo huyeyuka na kutoa moshi mbaya. Matawi ya American Legion na ya Veterans of Foreign Wars, chama kingine cha maveterani, hupokea bendera zilizochakaa, na mengi huziteketeza kwa hafla maalumu tarehe 14 Juni. Vikundi vya skauti navyo hushiriki kazi hiyo.

Kofia si bendera, na hakuna utaratibu unaokudai chochote. Lakini kama bendera yake ni kiraka kilichoshonwa, fumua nyuzi kwa mkasi mdogo, ukitie kiraka kwenye bahasha, na ukipeleke siku ile ile unayopeleka bendera ya baraza. Ikiwa imechapishwa moja kwa moja kwenye kitambaa, ifunge kofia ndani ya mfuko safi kabla ya kuitoa, ili isionekane juu ya taka.