Maji ya kambi ya wanafunzi 30 Kondoa

Mwalimu, umeuliza kama madumu manne ya lita 20 yatawatosha wanafunzi 30 kambini Kondoa mwezi wa kumi. Hayatoshi hata siku moja. Weka lita 4 za kunywa kwa kila mtoto kwa siku: ni lita 120, madumu 6, kabla hujasonga ugali wala kuosha sahani. Ya kupikia na kunawia ongeza mengine 6.

Ila dumu likijaa bado mtoto anaweza kukaukiwa. Wasichana hasa hujinyima maji kwa kuogopa kwenda haja porini. Chimbeni choo, mkizungushie turubai, kabla ya kusimamisha hema la kwanza. Tembeeni saa 12 asubuhi hadi saa 4, na kila dakika 20 wote wafungue chupa mbele yako wanywe mafunda manne, matano. Chupa inayorudi imejaa ndiyo ya kuhofia.

Mtoto akiumwa kichwa, akanyamaza, mkojo ukawa rangi ya chai, mpeleke kivulini umpe lita 1 ya maji safi yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Akianza kuweweseka usimnyweshe kitu: mmwagie maji mwilini, mpepee, gari liondoke hospitali. Hilo gari liegeshwe tangu asubuhi likitazama barabarani.

Na msilale ndani ya korongo, hata mchanga wake ukiwa mkavu.