Maswali Yenu kwa Anti: Hii Picha Ina Dhahabu au ni Mabua?

SWALI: Shikamoo anti. Kaka yangu huwa anaenda Guangzhou kufuata mzigo, safari hii kaniletea picha ya tausi imebandikwa kwenye kitambaa cheusi, inang'aa mpaka jirani akaniambia hiyo dhahabu hiyo, usiitundike sebuleni. Kaka yeye anasema ni mabua ya ngano tu. Sasa anti, sisi ngano tunalima na mabua tunawapa ng'ombe, sijawahi kuona yanang'aa hivyo. Ni kweli? Na kama ni kweli, naweza kutengeneza mwenyewe? (Msomaji, Karatu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako kasema kweli, hakuna dhahabu wala rangi ya dhahabu hapo, ni bua. Ngozi ya nje ya bua la ngano ina nta na ina silika, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo, ndo maana linateleza na linang'aa. Huyaoni yaking'aa shambani kwa sababu yako duara, yamevaa majani makavu na yana vumbi la mavuno. Yakichanwa na kunyooshwa utashangaa.

Wachina wanafanya kazi hii sehemu nyingi, hata Chaozhou, ambako ni mkoa huohuo wa Guangdong anaofika kaka yako. Ila mimi napenda sana habari ya Pujiang, mkoa wa Zhejiang, maana pale mabua ni ya vipepeo pia, vya kujipepea wakati wa joto. Wanasuka mabua yanakuwa utepe mrefu, halafu wanauzungusha na kuushona mpaka unakuwa duara. Wasomaji wa Pwani hapo mmeshaelewa, ni kama mama zetu wanavyosuka ukili wa mkeka halafu wanashona. Sanaa ya Pujiang ya kukata na kubandika mabua iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa China mwaka 2008.

Sasa kuhusu kujaribu. Kwanza kabisa usichukue mabua yaliyopita kwenye kombaini, yale yameshapondwa, hayana kazi tena. Ingia shambani na mundu kabla mashine haijafika, kata kwa mkono, na kwenye kila bua chukua ile pingili ya juu kabisa, inayotoka kwenye kifundo cha mwisho kwenda kwenye suke, ndiyo ndefu na laini kuliko zote. Vua majani, loweka mpaka lilainike, lichane kwa wembe kwa urefu, lifungue, halafu ukwangue ule utando mweupe wa ndani taratibu mno kwa sababu ukikosea linapasuka na unaanza upya. Likishakuwa jembamba linyooshe kwa pasi. Bandika vipande hivyo ubavu kwa ubavu kwenye karatasi nyepesi, unapata kama shuka la mabua, hapo ndo unachora na kukata maumbo yako.

Vivuli vya kahawia unavyoviona kwenye shingo ya tausi wako vinaweza kupatikana bila rangi hata tone, bua linababuliwa kwa chuma cha moto, ukigusa kidogo linakuwa la asali, ukikawia linakuwa jeusi.

Halafu kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike kuliko yote, nyuzi za bua zinaelekea wapi. Mwanga ukipiga nyuzi zilizolala kushoto na zilizolala kulia hazing'ai sawa, kwa hiyo fundi anayejua kazi anakata kila unyoya peke yake na kuulaza kama unyoya wa kweli unavyolala kwenye ndege. Ndo maana ukitembea mbele ya picha yako tausi anaonekana kama anajitikisa. Jaribu leo jioni, inamisha fremu kidogo kidogo karibu na dirisha. Picha ya kuchapwa mashine haifanyi hivyo.

Itundike sebuleni bila wasiwasi, ila isipigwe na jua moja kwa moja na isikae kwenye ukuta wenye unyevu, gundi itaachia na ukungu utaingia. Kioo mbele ni muhimu.

SWALI: Anti, hizi si ndo zilezile picha za majani ya mgomba wanazouziwa watalii? (Bukoba)

JIBU: Ni ndugu lakini si zilezile. Za mgomba uzuri wake uko kwenye rangi za asili za mmea wenyewe, kuna kahawia, kuna karibu nyeusi, kuna ya maziwa, inategemea umechukua jani au ganda la shina, na hazing'ai. Bua la ngano lina rangi moja tu na mng'ao, vivuli vinatoka kwenye moto. Ila mtu aliyezoea kubandika mgomba akipewa mabua mazuri ya Karatu hatapata shida, mkono wake umeshajua gundi na wembe.