Kabla hujagusa seva za majina

Fundi, shikamoo. Nimelipia domeni (jina la tovuti) ya .co.tz kwa ajili ya mvinyo wangu, hostingi (mahali tovuti inapokaa) nikalipia kampuni nyingine. Nikiandika jina, hakuna kitu. Nimetapeliwa? (Mkulima wa zabibu, Mpunguzi)

Marahaba. Hujatapeliwa, hujaviunganisha tu. Mgeni akishuka stendi ya Nanenane anakuulizia kwa jina, na lazima ampate mtu anayejua unakaa wapi. Kwenye intaneti kazi hiyo ni ya seva za majina: zinapokea jina, zinajibu kwa anwani ya IP ya mahali tovuti ilipo. Tafuta barua pepe ya kampuni ya hostingi, utaona mistari miwili, mara nyingi inaanza na ns1 na ns2. Ingia kwenye akaunti uliyonunulia domeni, ondoa seva zilizopo, bandika hizo mbili, hifadhi. Zinawekwa mbili ili moja ikizima, nyingine ijibu. Nakili na kubandika, usiandike kwa mkono.

Nimebadilisha seva za majina jana. Simu yangu inaonyesha tovuti mpya, ya mume wangu bado ya zamani. (Muuza vitenge, Nkuhungu)

Subirini. Seva za mitandao hukumbuka jibu la zamani kwa muda. Saa 24 hadi 48 ni kawaida. Hostingi ya zamani usiifunge kwanza.

Nahamisha tovuti ya lodge yangu kwenda hostingi nyingine, lakini barua pepe ziko Google na sitaki ziguswe. Nibadilishe seva za majina? (Area C)

Usibadilishe. Nenda kwenye rekodi za DNS, yaani orodha ya majibu ambayo seva za majina hutoa kuhusu domeni yako, pale zilipo sasa, badilisha rekodi A peke yake, ile inayosema tovuti iko kwenye IP ipi, iwe na IP mpya. Rekodi ya www nayo itazame: kama ina IP yake, ibadilishe pia.

Nakusisitizia kwa sababu niliwahi kuumiza mteja. Ilikuwa Aprili, Bunge la Bajeti linakaribia kuanza, vyumba vinatafutwa mji mzima. Nilibadilisha seva za majina, tovuti ikafunguka vizuri, nikaenda kulala. Rekodi za MX, zile zinazosema barua pepe zipelekwe wapi, nilikuwa nimeziacha kwenye seva za zamani. Siku mbili hakuingia ombi hata moja la chumba, na mama mwenye lodge alidhani wageni wamemkimbia. Tangu hapo sigusi seva za majina kabla sijapiga picha ukurasa mzima wa rekodi, A, MX na TXT (maandishi ya uthibitisho, mengi ya barua pepe), na kuziandika zote upande mpya.

Kijana anayetutengenezea tovuti anasema shule inahitaji seva za majina zenye jina la shule yenyewe. (Mwalimu, Kondoa)

Hamzihitaji, Mwalimu. Hizo zinawafaa hasa wanaouza hostingi kwa wengine, na zinadai mashine za kuangaliwa usiku na mchana. Hela hiyo lipieni domeni. Halafu muulizeni huyo kijana akaunti ya domeni ameifungua kwa barua pepe ya nani. Kama ni yake, ahamishie ya shule wiki hii, mkiwa bado mnaelewana.