Nyasa, Nyanza, Nyanja: ziwa ni ziwa

Swali lenu la wiki liliuliza: ziwa moja, Tanzania tunaliita Nyasa na Malawi wanaliita Malawi, jina la asili ni lipi? Najua wengi wataanzia kwenye mpaka, ambao nchi hizi mbili zinaugombania ziwani. Mimi naanzia kwenye lugha.

Nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu. Wachewa husema nyanja, na wakiiona bahari ni nyanja vilevile. Livingstone alipofika huko Septemba 1859 alilichukua neno alilolikuta vinywani mwa wenyeji, akaligeuza kuwa jina la kwenye ramani. Kwa hiyo "Ziwa Nyasa" ni "Ziwa Ziwa". Wenyeji hawana kosa hapo. Mtu wa Mbamba Bay akiaga kwamba anakwenda ziwani, nani atamuuliza ziwa gani? Jina kamili anayelihitaji ni mgeni mwenye daftari.

Neno hilo lina ndugu kila upande. Waganda wanasema ennyanja. Kinyarwanda kinayo inyanja, ila huko ni bahari. Ziwa ni ikiyaga. Kaskazini, Speke alilibandika ziwa kubwa jina la malkia wake mwaka 1858, lakini Waingereza wenyewe waliendelea kwa miaka mingi kuandika "Victoria Nyanza". Kenya nayo ikawa na mkoa wa Nyanza hadi kaunti zilipochukua nafasi ya mikoa mwaka 2013, na wakazi wake wengi walikuwa Wajaluo, watu wenye neno lao kabisa: nam, ndiyo maana ziwa kwao ni Nam Lolwe. Kinachonifurahisha zaidi ni Zambia. Kinyanja, yaani lugha ya watu wa ziwani, ndicho kinachotamba mitaani Lusaka, mji usio na ziwa!

Sisi Waswahili tuna neno letu, ziwa, na maji ya chumvi tukayapa neno la Kiarabu, bahari. Nalo halikutulia: Sudan na Sudan Kusini bahr huwa hata mto, kama Bahr el Ghazal na Bahr el Jebel.

Lakini kisa kinachofanana zaidi na cha Nyasa kiko Kongo. Wareno walioingia na nahodha wao Diogo Cão kwenye mlango wa mto ule, miaka ya 1480, waliwasikia Wakongo wakisema nzadi, mto mkubwa. Ulimi wa Kireno ukatoa Zaire. Mwaka 1971 Mobutu, katika kampeni yake ya kurudisha uasilia, akaipa nchi na mto jina hilo. Sarafu ilikuwa imeshalipata tangu 1967. Hapo mimi hucheka kidogo: alikimbia majina ya wakoloni, akaangukia neno la Kikongo lililokwisha kutafunwa na Mreno. Serikali ya Kabila ikalifuta 1997, ila ukivuka kuingia Angola bado utakuta mkoa wa Zaire.

Sasa nyumbani. Waingereza waliipa koloni lao jina la Nyasaland mwaka 1907, na ilipopata uhuru 1964 nchi ikajiita Malawi, kutokana na Maravi, dola ya kale ya eneo hilo. Namwelewa Mmalawi anayesikia harufu ya ukoloni kwenye Nyasa. Na jina lake halikuzuka 1964: Maravi lilikuwa kwenye ramani za Ulaya kabla Livingstone hajafika. Tanzania neno Nyasa halikutuumiza, tukabaki nalo. Ruvuma kuna Wilaya ya Nyasa, na Msumbiji wana mkoa wa Niassa.

Kwa hiyo jibu langu: yote mawili ni ya asili, moja la dola, moja la maji yenyewe. Nisichokubali ni kuambiwa Nyasa ni neno la Mzungu. Ni la Wayao, na Wayao wako Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kuhusu mpaka, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ndio wenye ugomvi wake. Hata ziwa likibadilishwa jina kesho, ugomvi ule utabaki palepale.